Mdogo Kuliko Wote

Fundi anayekereza wanasesere wa mbao, wale wanaoingiana tumboni, hapimi kitu. Glafira, anayewapaka rangi kwenye meza ya pili, hajamwona na rula miaka kumi na mmoja. Huanza na yule mdogo kuliko wote, asiyefunguka, si mkubwa kuliko harage. Humgusisha kwenye mdomo wake mwenyewe kujua kama amelainika, ndipo amkereze mama wa kumfunika, na mama wa huyo mama, mpaka mkubwa. Kila mmoja akifungwa lazima alie kidogo, kwii, kwa kubana. Asipolia, fundi humtupa kwenye jiko la kuni.

Majira ya baridi alikuja msanii wa kike kutoka Moscow, akaagiza saba wa maonyesho. "Ila mjomba, yule mdogo usimtie. Nataka ndani pawe patupu."

"Bila yeye nianzie wapi, binti? Hewani?"

Akamkereza tu, akawajenga wale saba juu yake. Msanii akawachukua wakiwa watupu ndani, ameridhika. Mdogo akabaki dirishani, kwenye kioo kinachotazama barabara ya stesheni. Kila saa ya chai fundi humpangusa vumbi la mbao, akamrudisha palepale.

Jana Glafira, ambaye bintiye yuko mbali, mjini Murmansk, mwaka wa tatu huu, alinyanyua brashi. "Lete basi nimpe macho, asikae kipofu hapo."

Fundi akamfunika kwa kiganja.

"Muache, Glafira Yegorovna. Ukimpa macho, ataona kwamba hawarudi."