Siku Kheiria Alipokwenda Bidiya na Wajerumani

Kheiria binti Sleyum alikuwa mshoni wa nguo pale Ruwi, mtaa wa Maskati, Omani, na miaka ishirini na nne alikuwa akiomba kitu kimoja tu: apelekwe Bidiya, ukingoni mwa jangwa, akaone kaburi la mama yake. Hakuomba dhahabu, hakuomba shamba. Kaburi.

Mama alikufa huko mwaka wa sabini na tano, hata miaka mitatu hawajatimiza tokea kuja kutoka Unguja. Siku hiyo Kheiria yuko Maskati, mzazi wa siku tisa, na hakuna aliyemwambia mpaka arubaini yake ya uzazi ilipokwisha. Aliyesema kasimamia maziko ni nduguye Suud. Huyo Suud kabebwa kiunoni na Kheiria, naye Kheiria mwenyewe mtoto. Kakua, kafuga ndevu, kanunua gari kubwa, na kila akiombwa ana lake. Mara njia mbovu. Mara nyumba ya wazee huko Bidiya imeanguka, hakuna hata pa kukaa. Mwisho akapata la dini.

"Wanawake hawendi makaburini, Da Kheiria. Nyinyi wa Zinjibar ada za huku hamzijui. Miye kila Ijumaa nnamsomea, inatosha."

Nyinyi wa Zinjibar! Kama yeye kazaliwa hemani jangwani.

Mwaka wa tisini na tisa, Aseel, binti wa Kheiria, akawa anashika simu katika ofisi moja ya kutembeza watalii. Jioni moja kaja na khabari: "Mama, Jumatatu kuna basi la Bidiya, kwenda na kurudi. Siti moja haina mtu." Kheiria hakuuliza la pili. Kavaa abaya, kajifunga mtandio mpaka puani kwa ajili ya vumbi, kakaa nyuma ya Wajerumani tisa. Mwongozaji kijana mmoja, Ghassan, mdomo haufungi.

Njia lami tupu, imenyooka, huoni hata shimo la kutia kidole. Kheiria akiitazama huku anauma meno.

Bidiya, Ghassan kawapitisha kwenye mitende, kawaonyesha mfereji wa maji wa zamani, kisha akasema sasa wataingia nyumba ya kale, mwenyewe anapokea wageni kila wiki. Mlango ukafunguliwa. Suud! Kanzu nyeupe, jambia kiunoni, meno yote nje. Na nyumba iliyoanguka imesimama wima, imepakwa chokaa, mito imepangwa, na sinia la shaba la mama limetundikwa ukutani lipigwe picha.

Kheiria hakuushusha mtandio, asitambuliwe. Kakaa chini na wageni.

Suud akamimina kahawa mwenyewe, finjani kwa finjani. Kheiria kaipokea yake, kaiweka mkekani, asinywe. Huko kwa Waarabu mgeni akifanya hivyo ana haja, na mwenye nyumba hana pa kukimbilia mpaka amwulize. Ghassan akafurahi kama kapewa zawadi, akawaambia Wajerumani wana bahati, hii ada ya zamani, siku hizi huioni. Kamera zikatoka. Suud naye kapanda kichwa, akasema kwa Kiarabu, mkono kifuani:

"Haja yako imekubaliwa, ewe mgeni, kabla hujaitaja!"

Kheiria akashusha mtandio.

"Nnataka kaburi la mama."

Suud akamtambua. Akajibu kwa Kiarabu, polepole, kwamba watazungumza baadaye.

"Sema Kiswahili, Suud. Mikojo yako nimeifua kwa Kiswahili."

"Da Kheiria, usinifedhehi mbele ya watu!" Kiswahili kimetoka chenyewe.

"Ushasema imekubaliwa. Au neno lako la kupigia picha tu?"

Ghassan hakujua wanasemaje, lakini ada aliijua. "Ya sheikh," akasema, "umeshatoa neno. Wageni wamesikia."

Wakatoka wawili, Suud mbele, dada nyuma. Makaburi yako mwisho wa mitende, mchanga unapoanzia. Hayana majina, mawe tu: mawili mwanamume, matatu mwanamke. Suud kasimama penye mawe matatu. "Ni hapa." Kasogea. "La. Pale." Karudi. Jasho linamtiririka mpaka kwenye jambia.

"Suud. Kila Ijumaa unamsomea nani?"

"Upepo huu, Da, mchanga unahama..."

"Mchanga unahama. Na mawe yana miguu?"

Suud kakaa chini kama mtoto. "Sikuwepo," akasema. "Nilikuwa Dubai. Nimerudi washazika. Niliona haya kuuliza, na walionizikia wote washakufa."

Miaka ishirini na nne! Kumbe dini haikuwamo. Kilichokuwamo ni haya ya dume zima.

Kheiria hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Kaanza penye mawe matatu ya kwanza, kasalimia, kasoma. Kahamia ya pili, kasoma. Suud akainuka amfuate.

"Weye rudi kwa Wajerumani wako. Huku hapana picha."

Basi likapiga honi. Kheiria hakugeuka mpaka kamaliza kaburi la mwisho la mawe matatu.

Idi iliyofuata Suud alipiga simu, na Idi ya pili tena. Akishika Aseel, na Kheiria akipaza sauti kutoka jikoni asikie mwenyewe: "Mwambie siku akilijua kaburi ni lipi, ndipo apige!"