Diski Shingoni mwa Mama

Kiswahili kina huruma. Napenda kupika, nataka kupika, nimemaliza kupika, nimekataa kupika: ni kupika tu, hakuna anayekuuliza maswali. Kiingereza nacho lazima kijue kwanza umependa au umetaka, ndipo kikuambie kama utaweka cooking au to cook. Nilisoma lugha hiyo kuanzia nasari mpaka chuo cha uuguzi, nikaiandikia ripoti za wagonjwa miaka nenda miaka rudi, na bado nilianguka karatasi ya kuandika kwenye mtihani wa wauguzi wanaotaka kazi ng'ambo. Mwalimu wa masomo ya jioni, hapa mjini Nakuru, aliniambia bila kupepesa macho kwamba shida yangu kubwa ni hiyo. Nilinuna mpaka nikafika nyumbani.

Nilikuwa na sababu ya kununa. Nikipita, ningeenda peke yangu kwanza, na binti yangu wa miaka sita angebaki kijijini Rongai na mama yangu mpaka nipate makao ya kumwita. Baba yake hayuko kwenye hesabu, tusimtaje. Kwetu msichana wa kwanza wa mwanamke asiyeolewa hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo hao wawili ni wajina, na ndivyo walivyoitana. Wajina njoo, wajina umekula, wajina nikune mgongo. Wakianza kuongea, Kikuyu na Kiswahili sufuria moja, mimi ndiye nilikuwa mgeni nyumbani kwangu. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuondoka. Nilijua hata nikikaa ng'ambo muda mrefu, mtoto hatakosa mtu wa kuongea naye.

Msichana wangu wa kazi alipoacha ghafla, mama alimwachia jirani ng'ombe wake akashuka Nakuru kunisaidia. Alinikuta nimebandika karatasi kubwa ya manila ukutani, juu ya televisheni. Upande mmoja niliandika enjoy, finish, avoid na wenzao wanaotaka ing. Upande wa pili want, hope, decide na wale wanaotaka to. Jioni nikisukuma chapati, mtoto alikuwa anasoma neno, mimi namalizia sentensi. Enjoy? I enjoy cooking. Want? I want to cook. Mama alikaa kwenye kistuli akichambua mboga, na kila nikipata alipiga makofi, ijapokuwa Kiingereza chake kiliishia kwenye yes, thank you na very good. Alimtazama mtoto kwanza, aone kama nimepata, kisha akapiga. Wiki hizo tulicheka sana.

Ningeacha mambo hapo. Lakini mimi ni mtu wa haraka, na nikitaka kitu nakitaka jana. Mwalimu alikuwa amesema pia kwamba mazoezi ya saa moja hayawezi kupigana na siku nzima ya Kiswahili, kwamba ni lazima Kiingereza kiingie mpaka jikoni. Nikaenda nacho mpaka jikoni kweli. Nilichukua kifuniko cha mkebe wa siagi, nikakitoboa, nikapitisha uzi wa sufu, nikaandika juu yake kwa kalamu nyeusi: DISC.

Aliyesoma shule ya msingi huku kwetu hahitaji kuelezwa. Pale shuleni Rongai diski yetu ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Ukisikika ukiongea Kikuyu, au hata Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unavishwa, na hutoki nayo mpaka umnase mwenzako. Atakayelala nayo anajibu mbele ya shule asubuhi. Kamba ilikuwa inatuchuna. Nilipokuwa darasa la tatu nilirudi nayo nyumbani, na mama akanipaka mafuta shingoni kimyakimya, akaiweka diski juu ya kabati nisiione nikilala. Kwa hivyo usiniambie nilikuwa sijui. Nilijua, na nikajiona mjanja, eti safari hii ni mchezo, ni kifuniko cha siagi tu, na adhabu ni kuosha vyombo.

Binti yangu aliuliza kwa nini ni lazima. Nilikuwa nimechoka, nimetoka zamu, na jibu lilitoka kabla sijalipima. Nilimwambia, mama yangu akisikia, kwamba tukiongea Kiswahili humu ndani, mum atafeli mtihani. Mtoto aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kazi ya serikali.

Jioni ya tatu au ya nne nilikuwa chumbani nikipambana na insha, nikasikia kicheko sebuleni. Mtoto alikuwa amemnasa shosho yake. Nilichungulia mlangoni nikamwona mama yangu kwenye sinki, mikono imejaa povu, kifuniko cha siagi kimening'inia juu ya leso yake. Alicheka pia. Nami nikacheka, nikarudi kwenye insha. Ningeweza kusema neno moja tu. Ningeweza kusema, mama hayumo kwenye huu mchezo. Sikusema, kwa sababu insha ilikuwa imeanza kunyooka, na nilitaka kuimaliza kabla fikira hazijanitoroka.

Asubuhi yake mama alienda kununua maziwa kwenye duka la getini. Aliporudi diski ilikuwa bado shingoni. Mwenye duka alikuwa amemuuliza kama ni kitambulisho cha kanisa, na wamama wengine wakacheka. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini hakuivua, na hasira yenyewe ilikuwa ya aibu, ya kufikiria wale wamama watasema nini juu yangu. Alinijibu polepole kwa Kiswahili, akiwa ameziba mdomo kwa mkono mtoto asimsikie.

“Si ulisema ukifeli ni sisi?”

Nilimvua ile diski, nikamwambia asijali, ni mambo ya mtoto. Lakini sikuitupa. Niliirudisha kwenye msumari wake, kando ya manila.

Tangu siku hiyo mama alinyamaza. Hakukasirika, ningejua kama amekasirika. Alianza kuonyesha vitu kwa kidole. Akitaka chumvi anaielekezea kidevu. Mtoto akimsemesha kwa Kiingereza anatabasamu, anasema yes, anasema very good. Zile hadithi zake za kabla ya kulala, za fisi na sungura na yule ng'ombe wake aliyefungua komeo la ghala kwa ulimi, zikaisha. Nyumba ikawa kimya kama ya watu waliofiwa. Na sasa niseme kitu ambacho sijamwambia mtu: nilikipenda kile kimya. Nilisoma ndani yake. Sentensi zangu zilianza kutoka zimenyooka, ing mahali pake na to mahali pake, mpaka mwalimu akanisomea insha yangu mbele ya wenzangu. Nilimwona mama akitembea ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyekuja kuombea mgonjwa, na nikaona afadhali nisiulize.

Nilifanya karatasi ya kuandika, ya kusoma na ya kusikiliza siku moja. Ya kuongea ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaona niwapeleke Rongai nibaki nijifanyie mazoezi. Nilijiambia pia kwamba ni vizuri waanze kuzoea, maana ndivyo watakavyoishi nikienda. Niliwaacha Ijumaa mchana, mtoto amesimama kwenye shamba la mahindi akinipungia mkono, na nilipokuwa napanda gari nikamkumbusha. Nikamkumbusha, jamani, mimi mwenyewe. Nilimwambia “Remember!” nikaweka kidole mdomoni.

Jumamosi jioni mama alinipigia simu nikiwa kazini. Nilikuwa nimejiwekea sheria ya kutotoa neno la Kiswahili mpaka Jumatano isipokuwa kwa mgonjwa, na mama yangu hakuwa mgonjwa. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba niko kazini na nitampigia baadaye. Alisema yes, akakata. Sikumpigia.

Jumapili nilifika kwao baada ya kanisa. Binti yangu alikuwa amelala kwenye kochi, uso umevimba kwa kulia, ubavu wa kichwa ameulaza kwenye mto. Mto ulikuwa na doa la manjano. Mimi ni muuguzi, sihitaji kuambiwa usaha ni nini. Sikio lilikuwa limepasuka ndani na linatoa usaha, na joto lake nililisikia kabla sijamgusa. Mama alikuwa amechemsha maji, anamkanda shavu kwa kitambaa, akidhani ni jino.

Nilimgeukia mama kwa ukali, haki nilimgeukia kwa ukali, nikamuuliza imekuwaje mtoto anaumwa hivi na hajui ni wapi.

“Nilimuuliza,” mama akasema. “Ananijibu Kizungu, ameshika shavu lote. Nikamsihi aniambie kwa Kiswahili hata kwa kuninong'oneza tu, akakataa. Nikakupigia.”

Nilipiga magoti kando ya kochi. Nilimuuliza mtoto kwa nini hakumwambia shosho kwa Kiswahili. Alinitazama kwa mshangao, kama kwamba mimi ndiye nimesahau.

“Your exam is on Wednesday,” akasema.

Mtoto wa miaka sita alikuwa amelala na sikio linalotokota tangu Ijumaa usiku, na shosho yake amekaa pale pale karibu, na neno “sikio” analo mdomoni, na ameling'ang'ania lisitoke ili mimi nisifeli. Nilijaribu kumweleza kwamba haikuwa kweli, kwamba nilisema tu. Akatikisa kichwa. Nilikuwa nimefundisha vizuri mno. Basi nikadanganya tena, kwa sababu uongo ndio uliofunga na sikuona kingine cha kufungulia.

“Mtihani nilishafanya,” nikasema kwa Kiswahili. “Walinisogezea siku. Nimepita. Ongea.”

Aliniangalia machoni aone kama ni mtego. Kisha hakuongea na mimi. Alimgeukia mama yangu, akanyoosha mikono, na machozi yakaanza upya.

“Wajina, sikio yangu inaniuma. Nilikuwa nakuambia tangu juzi.”

Mama aliketi palepale chini, kitambaa cha maji kikimdondokea miguuni. Alimvuta mtoto kifuani.

“Ulikuwa unaniambia sikio,” akasema. “Na mimi nakujibu very good.”

Hakunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na kitu cha kujibu, maana kujibu ninajua. Aliniuliza tu kama ni kweli nimepita, nikasema ndiyo, akasema Mungu ni mwema, na huku anamfuta mtoto pua. Tulikodi gari mpaka zahanati, sikio likasafishwa, akapewa dawa. Njia nzima kwenda na kurudi hao wawili hawakunyamaza. Mtoto alimweleza mambo ya miezi miwili: rafiki aliyehama darasa, jino lililong'oka, paka wa jirani, ndoto. Mama alimuuliza kila kitu mara mbili. Nilikaa mbele na dereva, mgeni kama zamani, na nililia nikitazama nje ili wasinione kwenye kioo.

Diski, ambayo mtoto alikuwa ameibeba kwenye begi lake, niliichoma jikoni kwa mama usiku huohuo. Ilinuka plastiki mpaka tukafungua madirisha.

Jumatano niliamka hapohapo kwa mama, nikamwambia naenda zamu, nikaenda kufanya mtihani ambao tayari nilikuwa nimeupita. Waliniuliza ninapenda kufanya nini nikiwa na nafasi. Nilisema I enjoy talking with my family. Haikuwa na kosa hata moja.

Matokeo ya karatasi zote yalikuja baadaye, nikayasoma kwenye simu katika chumba cha kubadilishia nguo pale kazini. Nilipita. Nilipita vizuri hata kwenye ile ya kuandika. Nilitafuta mtu wa kumwambia nikakosa, kwa maana wawili ambao ningewapigia walishasherehekea na kuchinja kuku wiki nyingi zilizopita. Nilinyoosha sare yangu, nikarudi wodini.

Sasa visa imetoka na nguo zangu ziko kwenye sanduku. Sikio limepona, daktari anasema anasikia sawasawa. Mtoto anaishi Rongai, anaongea kutwa, nyumba ya mama imejaa kelele tena. Nikipiga simu nasikia kwanza sauti yake nyuma akibishana na ng'ombe. Lakini mama akipokea hasemi kitu. Zamani alikuwa anaanza kuongea kabla hata simu haijafika sikioni. Sasa anapokea, anapumua, anangoja kusikia nitaanza na lugha gani. Nimemwambia mara nyingi kwamba mambo hayo yaliisha, anacheka, ananikubalia, na kesho nikipiga ni vilevile. Huwa namwambia haraka, “Mami, nĩ niĩ,” yaani ni mimi, kwa Kikuyu. Hapo ndipo ananijibu.