Waya wa Moyo na Ngoma ya Mapajani

Ulikuwa mwaka ule maduka ya mjini yalipojaa tambi na siagi za kopo, na sisi wa Hombolo tukala ugali wa uwele kwa mlenda mpaka tukawa tunateleza kwenye viti. Ndio mwaka niliorudi kutoka hospitali na kidude kifuani, kadiri ya kiberiti, cha kuusukuma moyo wangu mvivu. Waya ulitoka hapo ukapita mshipani hadi moyoni.

Daktari akanionya: “Mama, mkono wa kushoto usivuke bega. Waya ukikatika, moyo utasimama.”

Ananiambia mimi! Kwetu Ugogoni wanawake ndio wapigaji. Tunaibana ngoma mapajani, tunainua mkono juu ya kichwa, tunapiga kama tunaua nyoka. Na kiongozi nilikuwa mimi.

“Mkono wangu siushushi,” nikamjibu. Akanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma ng'ambo mambo ya vifaa vya hospitali (ndiyo, wangu, mwenye wivu ajinyonge), akaja likizo na utepe laini kama utumbo wa kuku. Umeme unapita ndani.

“Bibi, ukiuvuta unarefuka na taa haizimiki. Siku moja waya za moyo zitakuwa hivi, zicheze na mwili.”

“Siku moja lini? Nikishaoza?”

“Bado tunaujaribu, Bibi.”

“Basi tuujaribu.”

Akaubandika kwangu toka kifuani, kupitia kwapani, hadi kiwikoni, pamoja na betri na kitaa chekundu. Akachagua mkono wa kulia. Wa kushoto akaukalisha pajani kama mtoto mtundu. Nikaibana ngoma, nikapiga. Kitaa kikawaka.

“Wifi, usipige chafya, utaunguza kijiji!” akapiga kelele wifi yangu, aliyekuwa akipiga ngoma yake kando yangu.

Nikanogewa. Nikaurusha mkono hadi mawinguni, kitaa kikazima. Utepe ulikuwa umechanika kwapani.

Mjukuu akapiga magoti. “Umeona, Bibi? Huu laini umekatika. Wa kifuani kwako ni mgumu, haurefuki kabisa. Nakuomba, uache. Nani atanipigia ngoma siku nikiolewa, kama umekufa?”

“Na nikiwa hai nimekaa kama gunia, nani atakupigia?”

Akalia. Nikamfuta kamasi kwa kanga yangu, nikamwambia arudi huko shuleni atengeneze mwingine unaostahimili ngoma, aniletee. Kisha nikaibana ngoma vizuri, nikauinua mkono wa kushoto.

“Bibi!”

“Mkono wangu siushushi.”