Nilipoomba Kivuli

Asubuhi za Marshalltown, katikati ya Johannesburg, kwa macho yangu, hazina kingo. Majengo ya vioo huyeyuka ndani ya mwanga, na watu hunijia kwanza kama rangi, kisha sauti, uso ukiwa wa mwisho. Nimezaliwa Tanga nikiwa na ualbino, na dunia sijawahi kuiona vingine. Nilipopata kazi ya ulinzi kwenye geti la jengo moja la ofisi, nilimshukuru Mungu, nikasimama juani.

Jua la huku linadanganya. Upepo ni baridi, unajikunyata ndani ya koti, kumbe ngozi inaungua taratibu. Masikio yangu yalianza kutoka maganda, kisha midomo ikapasuka. Mwenzangu wa getini, mama wa makamo kutoka Lubumbashi, akawa ananiweka kwenye kivuli cha mwili wake. Tulizunguka na jua mchana kutwa, kama watu wanaocheza dansi ya polepole.

"Mdogo yangu, juu ya nini hauombi wakuweke ndani?" aliniuliza siku moja.

"Wakinifukuza je?"

"Sheria ya hapa hairuhusu wakufukuze juu ya ngozi. Twende, nitakusindikiza."

Msimamizi alinisikiliza nikiomba kuhamia mapokezi, huku akichezea kalamu. Akasema mapokezi ndiyo sura ya kampuni, wageni wangeshtuka.

"Wangeshtuka nini?" nikauliza.

Akageukia karatasi zake. Yule mama akasema kwa upole, "Bosi, anaomba kivuli. Haombi huruma."

Tulirudi getini mikono mitupu. Usiku ule, chumbani kwangu mtaa wa Berea, sikulia. Nilijipaka mafuta shingoni, na kulipokucha nikapanda ghorofa ya juu, kwa afisa wa wafanyakazi.

Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito. Aliinama, akaitazama shingo yangu kwa muda.

"Eish, sisi," akasema.

Kwa watu wa huku, *sisi* ni dada. Lakini sikio langu la Tanga lilisikia sisi, mimi na yeye, na machozi yakanitoka bila ruhusa.

"Unahitaji nini ili ufanye kazi vizuri?" akaniuliza. Hakuna mwajiri aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Nikae ndani. Na kompyuta yenye maandishi makubwa. Na pale getini pajengwe kibanda; mwenzangu naye anaungua."

Ilichukua muda, na msimamizi alininunia kwa majuma. Lakini nilihamia mapokezi. Mgeni wangu wa kwanza aliegemea meza, akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwelekeza, akaenda zake. Nilibaki nimekaa kwenye ule ubaridi wa marumaru, mwepesi kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mrefu.

Siku hizi, wakati wa mapumziko, humpelekea mama yule chai kibandani. Hunisimulia mvua za Lubumbashi, zinavyopiga mabati hadi watu wanyamaze. Nami hufumba macho, nikasikiliza.