Kumfuata Kaka Fidelis Newala

Mama ndiye aliyenituma Newala kumrudisha kaka yangu Fidelis. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, kaka alikuwa amehamia huko kumnunulia tajiri mmoja wa Masasi. Mara tukasikia anaumwa, tena katikati ya Ramadhani.

"Mtaa mzima umefunga," Mama alilalamika. "Nani atamwinjikia mgonjwa wetu chungu? Usirudi bila yeye."

Masasi nilipata nafasi kwenye lori la magunia matupu. Tulipopita Chiungutwa mikorosho ilisongamana pande zote, kisha barabara ikaanza kupanda, mchanga mwekundu mtupu. Dereva alinionyesha matangi ya saruji kando ya nyumba. "Huku juu visima hakuna, dada. Wanakinga mvua."

Newala tulifika mchana. Nilimkuta kaka barazani kwa jirani yake, amekonda, lakini anacheka. Mwenye nyumba, Mama Zuhura, alitoka jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Malaria ilimlaza kaka yako peke yake kule chumbani, tukamleta kwetu."

Aliniandalia ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho. Nikasita kula mbele yake.

"Kula. Saumu ni yetu, njaa ni yako."

Kisamvu kilikuwa chumvi tupu. Kaka akanikonyeza. "Mchana haonji. Juzi hakikuwa na chumvi kabisa."

"Nakisia tu, jamani!" alisema Mama Zuhura, tukacheka wote watatu.

Jioni, baada ya futari ya muhogo wa nazi, alinipa ndoo nzima ya maji ya kuoga. Nilikuwa nimechungulia tangi lao: maji yalikuwa yamebaki chini kabisa. Nilioga nusu, nusu nikarudisha.

Asubuhi nilimwambia kaka tufungashe. Akakataa. "Nimepona, na msimu haujaisha. Jumapili Baba Zuhura hunipeleka kanisani kwa baiskeli yake. Nikimbie nini?"

Niliwaaga yeye na Mama Zuhura. Nikapanda lori la kurudi.

Nyumbani Lukuledi, Mama aliponiona nashuka peke yangu, alinuna. Nilimsimulia yote, hata kisamvu. Mimi nami niliondoka nyumbani nikidhani mtaa uliofunga umefunga na milango.

"Hawakufunga milango, Mama," nikamwambia.

Alipepeta ungo wake, akiondoa makapi.

"Lori jingine linakwenda lini?" akauliza. "Huyo mama nataka kumshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe."