Upande Laini wa Uwanja

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama juu ya saruji yenye moto, raketi mkononi, na ng'ambo ya wavu mama mmoja wa Kirusi ananitazama. Nyuma yake ngedere alikuwa anakimbia mikono mitupu kuelekea vichakani. Ningeweza kuanzia hapo hapo, lakini hutaelewa kwa nini niliogopa. Acha nirudi nyuma kidogo.

Miaka hiyo ya tisini sisi tulikuwa wageni Mpanda. Babu yako alikuwa ametuhamisha na ng'ombe kutoka Usukumani, tukajenga pembeni mwa Kawajense, na mimi nilipomaliza darasa la saba nikapewa kazi ya kupeleka maziwa mjini. Nilikuwa na aibu sana. Kiswahili changu kilikuwa na Kisukuma ndani yake, na watoto wa mtaa wa Majengo walipenda kuniiga. Kwa hiyo nilibisha hodi, nikapiga goti, nikasalimia, nikamimina maziwa, nikaondoka. Kuna siku nilizunguka mji mzima kwa maneno ya salamu peke yake.

Nyumba moja niliyopeleka maziwa ilikuwa ya Injinia Festo, mtu wa idara ya maji. Alikuwa amesoma Urusi na akarudi na mke, jina lake Zoya. Siku waliyoshuka kwenye treni, raketi za yule mama zilikuwa zinachungulia kwenye begi. Mama Tatu, jirani yao, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, akaziangalia zile nyuzi zilizosukwa kama wavu, akasema, "Injinia kaoa mvuvi. Sasa huyu atavua nini hapa, vumbi?" Watu wakacheka, na jina la Mvuvi likamkaa.

Kumbe alikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Alinieleza habari zake kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Alianza akiwa mtoto, akipiga mpira kwenye ukuta wa kiwanda alichofanya kazi mama yake. Wakuu wa michezo wakamwona, wakampeleka shule ya wachezaji mbali na kwao, na huko akaambiwa saa ya kula na saa ya kulala mpaka akawa mtu mzima. Alifika nchi nyingi lakini hakuziona, maana aliona uwanja na chumba cha kulala tu. Halafu ile nchi yao kubwa ikavunjika, na wachezaji waliokuwa wakitunzwa na serikali wakajikuta kila mmoja na begi lake. Akacheza kwa kulipwa. Jina lake likaanza kujulikana, na hapo hapo goti la kushoto likamharibikia. Akapasuliwa, akacheza, akapasuliwa tena. Alipokuja Mpanda, na mtoto wao Misha mgongoni, alisema amekuja kupumzisha goti. Neno lake lilikuwa hilo, kupumzisha. Neno la kuacha sikuwahi kulisikia kwake.

Kwenye nyumba za zamani za mgodi kulikuwa na kiwanja cha saruji ambacho Wazungu wa mgodi walikuwa wakichezea. Wavu ulishapotea, na akina mama walikuwa wanaanika hapo udaga, ile mihogo ya kusaga unga wa ugali. Zoya alipokiona alisimama kama mtu aliyekutana na ndugu yake njiani. Mama Tatu akamruhusu: asubuhi ni udaga, alasiri udaga unasogezwa upande mmoja naye anapata nafasi yake. Mistari wakaichora kwa majivu. Injinia akaagiza wavu wa samaki kutoka Karema, ziwani, na Mama Tatu akasema, "Si niliwaambia nyie."

Mimi niliingia hivi. Nilikuwa napita na ndoo yangu ya maziwa, mpira ukavuka barabara, nikauokota na kuutupa kutoka mbali. Ukamfikia kifuani. Akauliza, "Mkono huu, wewe kutoa wapi?"

"Kwa ndege, mayu," nikamjibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, wewe unajua. Nilikua nikilinda mpunga kwa kombeo, na ndege wa mpunga hawasubiri mtu mwenye mkono mzito.

Akanipa raketi. Kiangazi hicho na kilichofuata nilicheza naye karibu kila alasiri baada ya maziwa. Alinifundisha kukunja goti, kutazama mpira mpaka unapoguswa, kuupeleka ninapotaka. Uwanjani sikuwa na aibu, kwa sababu pale hakuna aliyehitaji Kiswahili changu. Tulipomaliza nilipiga goti kumuaga, na yeye alikuwa akikasirika kidogo. "Kabula, simama. Tenisi hakuna goti."

Sasa sikiliza kosa langu. Unajua sisi ukitembea na mkubwa unampa upande laini wa njia, wewe unapita kwenye mawe na miiba. Ni jambo ambalo hatufundishwi kwa maneno. Mguu wenyewe unahama. Basi na mimi uwanjani mkono wangu ulihama. Nilishaona kwamba mpira ukienda mbali kushoto kwake, lazima akimbie na kusimama ghafla kwa mguu ule wa kushoto, na uso wake unabadilika. Nikaacha kuupeleka huko. Nilimpa mipira ya kulia, ya kimo kizuri, na yeye akaipiga kwa nguvu na ufundi mpaka akina mama wakaacha udaga wakatazama. Alinishinda kila siku. Nilikwenda nyumbani na furaha, nikijua nimemheshimu mkubwa na nimemtunza mgonjwa. Babu yako angeona, angenisifu.

Siku moja nilimkuta barazani na Misha mapajani, uso unang'aa. Watu wa kwao walikuwa wamempigia simu posta. Kulikuwa na mashindano, na walikuwa tayari kumrudisha kama goti limepona. "Goti kupona," akaniambia. "Mimi jua. Kabula kila siku kukimbia, mimi kushinda. Goti hakuna maumivu." Treni ilikuwa inaondoka mwisho wa wiki ile. Misha angebaki kwa bibi yake mzaa baba, Usevya.

Jioni hiyo Injinia Festo alikuja mpaka kwetu, akasimama karibu na zizi. Alikuwa mtu wa maneno machache kama mimi.

"Kabula, daktari aliyempasua mara ya pili alisema goti hilo likiharibika tena hatatembea vizuri maisha yake yote. Mimi sijui mpira. Wewe ndiye unacheza naye. Amepona?"

Nikatazama chini. Mtu mzima ananiuliza kama mkewe ana udhaifu. Ningesemaje? Nikajibu, "Amepona, baba."

Akashukuru, akaondoka akiwa amenyooka zaidi ya alivyokuja.

Kesho yake tukacheza. Nikafanya kama kawaida, kulia, kulia, kimo kizuri. Udaga wa Mama Tatu ulikuwa umesogezwa nyuma ya Zoya, upande wake wa kushoto, na Mama Tatu mwenyewe alikuwa amekaa kwa mbali akimenya mihogo mingine. Ndipo ngedere akashuka kutoka kwenye paa la nyumba mbovu, akanyakua kipande kikubwa. Mama Tatu akapiga kelele, "Kabula, mwizi huyo." Mpira ulikuwa angani unanijia. Sikufikiri. Mkono wa kulinda mpunga ulijibu wenyewe. Mpira ukapita juu kidogo ya wavu, ukadunda kushoto kabisa, mbali na Zoya, ukampiga ngedere ubavuni. Akaangusha muhogo, akakimbia.

Mama Tatu alicheka mpaka akajishika kiuno. Zoya hakucheka. Alitazama alama ya mpira kwenye saruji, pale kushoto. Halafu akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoanzia kukusimulia.

"Mpira huu," akasema, "ngedere kupata. Mimi hakuna kupata. Kwa nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kupiga goti, akanizuia kwa mkono.

"Sema."

"Nilikupa upande laini, mayu. Goti lako linauma ukienda huko. Nimeliona siku nyingi."

"Siku nyingi," akarudia. Akaenda akaokota ule mpira, akaufuta vumbi taratibu. Aliporudi kwenye wavu sauti yake haikuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Kabula. Daktari kusema uongo, mimi jua, daktari nataka pesa. Watu wa simu kusema uongo, nataka mchezaji. Festo mume, anaogopa mimi kulia. Wewe tu mimi kuamini. Mimi hapa Mpanda hakuna kipimo. Kipimo wewe."

Mama Tatu alikuwa ameacha kucheka. Zoya akarudi nyuma mpaka kwenye mstari wa majivu.

"Sasa piga kushoto."

"Mayu, siwezi."

"Kama wewe heshimu mimi, piga kushoto. Mimi mchezaji. Hapana yai."

Nikapiga. Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na nimelima na nimezaa. Ule wa kwanza aliufikia akaurudisha vizuri sana, nikafikiri Mungu amenisikia. Alijua mambo mengi kuliko mimi, na kwa ufundi alinishinda pointi nyingi mwanzoni. Nikaendelea kama alivyotaka, kushoto, halafu karibu na wavu, halafu kushoto tena. Nilikuwa nalia huku napiga, sikufuta machozi kwa sababu alishanifundisha kutoondoa macho kwenye mpira. Hatua zake zikaanza kuwa fupi. Akawa anachelewa kidogo. Mpira mmoja aliufuata, akasimama kwa ule mguu, na mguu ukakataa. Hakuanguka. Aliweka raketi chini kama fimbo, akabaki hivyo, akihema. Goti lilishaanza kuvimba.

"Mwingine," akasema.

"Mayu."

"Mwingine, Kabula. Nataka maliza mimi."

Nikampigia mwingine, kushoto, wa kweli. Aliutazama ukipita. Hakukimbia. Aliufuata kwa macho tu mpaka ukatulia kwenye udaga, na nikaona mabega yake yanashuka, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni alioubeba tangu asubuhi.

Nikaweka raketi chini nikakimbia kumpigia goti, niombe msamaha. Lakini yeye alikuwa anakuja kwenye wavu, akichechemea, mkono wake wa kulia mbele. "Tenisi kuisha, watu kuja hapa," akasema. "Aliyeshinda, aliyeshindwa, hapa. Mkono." Sikujua nifanye lipi. Basi nikafanya yote mawili. Nikampa mkono wa kulia, wa kushoto nikaushika kwenye kiwiko kama tunavyompa mkubwa, na goti nikalikunja kidogo tu. Safari hiyo hakukasirika. Alinishika mkono akacheka na machozi. "Mimi kucheza Moscow, kucheza nchi nyingi," akasema. "Mwisho kucheza kwenye mihogo. Mwisho mzuri. Mwisho kweli."

Mama Tatu alileta maji ya moto na kitambaa, akamkanda goti pale pale kwenye saruji. "Haya Mvuvi," akamwambia, "sasa utakaa tukufundishe kusonga ugali, maana ule wako hata ngedere hauibi."

Treni iliondoka bila yeye. Mimi nilikwenda kwa Injinia Festo, nikamwambia kwamba nilimdanganya. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umerudi na ukweli mapema," akaingia ndani kwa mkewe. Zoya aliomboleza kazi yake kwa muda, nisikufiche. Kuna wiki alikuwa anafungua mlango, anapokea maziwa, anafunga. Halafu alasiri moja akaja kiwanjani na Misha na watoto wengine wa mtaani, na raketi za mbao alizochongesha kwa fundi. Akakaa kwenye kiti, akawafundisha kwa mdomo na kwa fimbo ya kuonyeshea. Mguu wake ulimbeba vizuri mpaka walipohamishwa kikazi. Siku ya kuondoka alitembea mwenyewe mpaka stesheni, Misha akikimbia mbele yake.

Sasa nikuambie kwa nini nimekumbuka haya. Juzi nilikusikia na babu yako uani. Alikuuliza kama macho yake bado yanafaa kuendesha pikipiki mpaka Mishamo kuchukua mahindi, na wewe ukasema, "Yanafaa, babu, unaona kuliko sisi." Akafurahi. Lakini wewe na mimi tumemwona akipapasa mlango. Najua hukuwa na nia mbaya. Ulimpa upande laini wa njia, kama nilivyompa Zoya, na kwa sababu ile ile.

Mwanangu, kumheshimu mkubwa ni pamoja na kumwambia ukweli anaouhitaji. Akikuuliza jambo ambalo mwili wake au maisha yake yanalitegemea, mpe jibu la kweli, hata kama sauti yako inatetemeka, hata kama machozi yanatoka. Usimwambie mbele za watu, wala usimwambie kwa kujionyesha. Mwambie ukiwa karibu naye, na ukishamwambia usiondoke. Kaa umkande goti. Halafu piga goti lako, maana heshima bado ipo. Usiitumie tu kumfichia njia.

Asubuhi nenda kwa babu yako. Mpelekee chai, ukae naye, umwambie kuhusu macho, na umwambie pikipiki utaendesha wewe, yeye akae nyuma akuonyeshe njia anazozijua. Atanuna kidogo. Mwache anune.

Mungu akupe mkono wenye nguvu na moyo usioficha ukweli. Akupe wazee wa kuwaambia ukweli kwa miaka mingi bado. Na siku wewe utakapouliza kama goti lako limepona, akupe mtoto atakayekupigia mpira kushoto, kisha akupe mkono. Ubarikiwe, mwanangu. Nenda kalale.