Kilo Arobaini Nilizomficha Mama

Kazi yangu ni kupima. Nina miaka kumi na tisa mlangoni pa ghala la nafaka, na gunia likiletwa mbele yangu sisubiri mizani itulie. Naliinua kidogo kwa mikono miwili, nasema "tisini na mbili," kisha mizani inakuja kukubaliana nami. Nikikosea, nakosea nusu kilo. Ukuta ulio nyuma yangu umejaa chaki za utani wa wachukuzi: uzito wa mbuzi wa jirani, uzito wa meneja na mkoba wake, na uzito wa mama yangu, ambaye mwaka juzi aliniletea miwani niliyosahau nyumbani, wakamkalisha kwenye mizani akicheka. Arobaini na tisa. Mtu mwenye mikono kama hii ndiye aliyekaribia kumpoteza mama yake kwa uongo wa tumbo lake mwenyewe. Naandika nikiwa bado najionea aibu.

Ghalani wananiita Tani. Lilianza kama jina la utani, lakini miaka ilivyokwenda likazidi kukaribia ukweli. Mkanda wangu wa suruali niliuunga kwa kipande cha mkanda wa mashine ya kukoboa. Ukweni nilivunja viti viwili vya plastiki, na safari ya tatu wakanikaribisha moja kwa moja kitandani, nikakaa hapo kama mgonjwa anayetazamwa. Majibu yangu yalikuwa tayari siku zote. Ni mifupa mizito. Ni maji ya mwili. Ni ukoo. Kaka zangu wawili ni wembamba kama vijiti vya kiberiti, ila hao sikuwataja.

Siku moja nikapata homa, nikalala siku nne. Chuma, kiongozi wa wachukuzi, akashika mizani. Wauzaji wakamjia juu: magunia yaliyozoea kusoma tisini yalikuwa yakisoma themanini na nane! Wakamwita mwizi mchana kweupe. Akaletwa mkaguzi, akaijaribu mizani kwa mawe yake, haikuwa na kosa. Niliporudi kazini, magunia nayo yakarudi kwenye tisini. Mkaguzi akaitwa tena, akainama, akachungulia huku na huku, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mzee, tumbo lako limelala kwenye mizani."

Msimu mzima nilikuwa napima mahindi pamoja na tumbo; mikono ilinionya juu ya zile kilo mbili, nami nikaisingizia mizani. Wachukuzi walicheka mpaka wakajilaza juu ya magunia, na wauzaji wakaomba nisiguswe, nibaki vilevile. Nami nilicheka, lakini kwa mdomo tu. Nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni, na mke wangu akabisha hodi mpaka akachoka.

Daktari wa sukari alikuwa amenishauri upasuaji wa kupunguza tumbo kwa miaka miwili. Presha ilikuwa juu, magoti yamekwisha, na kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa hakihisi kitu. Nilikuwa nikimwambia nitafikiria. Baada ya yule mkaguzi, sikufikiria tena, nilikubali.

Muuguzi alinipandisha kwenye mizani ya hospitali, ikagoma. Mwisho wake ulikuwa mia na hamsini. Wakatafuta nyingine kwenye stoo ya chini, ikasema mia hamsini na nane.

"Toa uzito wa gunia," nikamwambia.

"Gunia gani, baba?"

"Nguo, viatu, simu. Sisi kazini tunatoa uzito wa gunia tupu kwanza."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Vua basi."

Nikavua, nikabaki na kaptula na aibu. Mia hamsini na saba. Nikamwuliza kama mizani ile imekaguliwa mwaka huu. Akaandika mia hamsini na saba bila kunijibu.

Walinitoboa matundu matano, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, wakaniachia kipande chenye ukubwa wa ndizi. Mtu aliyekuwa anakula mkate mzima wakati akisubiri chakula, sasa alikuwa anapewa supu kwa kikombe cha kahawa na kushindwa kuimaliza. Yai moja lilinichukua siku mbili. Baadaye nikapanda cheo, nikafika vijiko sita vya chai vya chakula kilichopondwa. Kijiko cha saba kilinitia kwikwi ya kusikika nyumba ya tatu.

Mke wangu alijua kila kitu. Mama nilimwambia ni ngiri.

Msinione mjinga tu, nilikuwa na sababu. Nilizaliwa kabla ya wakati, nikiwa na kilo moja na nusu. Majirani walishakuja kumpa mama pole nikiwa bado napumua. Yeye akanikamulia maziwa yake na kuninywesha kwa kijiko cha chai, mchana kutwa, wiki saba. Kila kilo niliyoongeza tangu siku hizo ni kazi ya mikono yake, na alinitembeza kwa watu kwa majivuno: "Mnamwona? Huyu ndiye yule." Ningeanzaje kumwambia kwamba nimewaomba watu wanikate tumbo alilolijaza yeye?

Basi nikanyamaza. Kila asubuhi mama, ambaye chumba chake kiko ng'ambo ya ua, alinijazia hotipoti ya chakula cha mchana, na kila mchana nikawapa Chuma na wenzake. Nikaiosha vizuri, nikairudisha nyumbani nyeupe. Jioni nikasema cha mchana bado kimenikaa tumboni. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Miezi mitano ikapita, kilo arobaini zikaniondoka, ngozi ikaning'inia, nikabaki na lile gunia nililotaka litolewe. Chuma naye akanenepa, akaanza kuhema kwenye ngazi za ghala.

"Mwambie mama," mke wangu alisema kila wiki. "Mdomo unaniwasha mimi."

"Kesho."

"Kesho yako ina miezi mitano sasa. Na mama mwenyewe simwelewi siku hizi. Chakula chake anakichukua akakile chumbani."

"Wazee ndivyo walivyo," nikamjibu, na nikarudi kwenye kioo kujitazama shingo. Nilikuwa na shingo! Sikuwa nimeiona tangu harusi yetu.

Mchana mmoja wa Jumapili mvua ilinyesha, ua ukajaa maji. Mama akasimama mlangoni pake akishika kizingiti, anataka kuja kwetu, anayaogopa matope. Nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha mwili mpya.

"Subiri mama, nakuja kukubeba!"

"Wewe? Unibebe wewe, mwanangu? Utaanguka."

Nikakunja suruali, nikavuka maji, nikamwinua kwa mikono miwili. Nilifurahi kama mtoto. Magoti hayakulalamika, pumzi ipo. Nikapiga hatua tatu, nne, halafu mikono yangu ikasema yenyewe, kama inavyosema kazini kila siku.

Thelathini na tisa.

Nikasimama katikati ya ua na maji yakiniingia viatuni. Nikamwinua kidogo tena, kama ninavyofanya gunia nikilitilia shaka. Thelathini na tisa. Nilijua chaki ya ukutani inasemaje.

"Mama," nikasema, "unakula?"

Akaweka kichwa begani kwangu, na nilisikia mifupa ya taya lake.

"Mama, nakuuliza."

"Nitakula vipi, baba?" akasema taratibu. "Wewe unamaliza hotipoti nzima kila siku, hubakizi hata punje, na bado unakwisha mbele ya macho yangu. Mtu anakula hivyo na anakwisha hivyo, huo ni ugonjwa gani? Nimemwambia Mungu anitangulize mimi. Nilikupigania ukiwa kilo moja na nusu. Kukuzika siwezi."

Nimebeba magunia ya kilo mia katika maisha yangu. Siku ile nilishindwa na mwanamke wa kilo thelathini na tisa, na ilibidi mke wangu atoke akanishike mkono kutuvusha.

Nikamkalisha sebuleni, nikapiga magoti mbele yake, jambo ambalo zamani lingehitaji watu wawili wa kuniinua. Nikafungua shati. Nikamwonyesha makovu matano, nikamweleza yote: mkaguzi, muuguzi, ndizi, ngiri ya uongo. Nililia nikieleza, sikujificha. Mama akayagusa makovu moja moja kwa kidole.

"Kwa hiyo huumwi?"

"Siumwi, mama. Sukari imeshuka. Kidole kinahisi."

"Na hotipoti alikuwa anakula nani?"

"Chuma na wenzake."

Akanipiga kofi la bega, la nguvu kuliko nilivyotegemea kwa uzito ule. "Miezi mitano nawapikia wachukuzi! Naamka alfajiri nachambua mchele, naweka na kitunguu unachokipenda, kumbe namnenepesha Chuma!"

Mke wangu akaangua kicheko, akakimbilia jikoni kupasha viazi. Alipoleta sahani, mama akauliza mimi nakula kiasi gani. Nikamwonyesha kijiko. Akakichukua mkononi, akakigeuza.

"Kijiko cha chai," akasema. Kisha akachota, akapuliza, akanilisha mimi mwenye miaka arobaini na saba na mvi kifuani. Alinihesabia vijiko sita. Viazi vilivyobaki alivila mwenyewe vyote, nami sikuondoka pale mpaka sahani ikawa tupu.

Wiki mbili baadaye alikuja ghalani na hotipoti mkononi, kuhakikisha inaliwa na nani. Chuma alipomwona akajificha nyuma ya magunia. Mama akaenda kukaa kwenye mizani bila kuombwa.

"Pima," akasema.

Niliogopa kusoma. Nikasogea karibu, nikainama kana kwamba natazama namba vizuri, na mkono wangu wa kulia ukalala pembeni ya mizani, polepole, kama ulivyokuwa ukilala ule mzigo wangu wa zamani. Ikasoma arobaini na tatu.

"Ondoa mkono, mwanangu," mama akasema.

Nikauondoa. Arobaini na nusu.

Nikachukua chaki, nikaandika arobaini na nusu chini ya ile arobaini na tisa, na wachukuzi wote wakitazama nikapanda mizani mimi, na viatu vyangu, nikamwambia mama asome kwa sauti.